Mfuate Mama: Kumpata Mskoti Aliyepotea Katika Madaftari ya Zamani

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Wengi mliokaa hapa mna Mskoti mmoja katika ukoo. Kwa wengine ni fundi wa injini za meli aliyeshukia Mombasa, kwa wengine ni mmisionari, karani wa reli au mlowezi. Na kwa wengine ni mambo ya juzi tu: kijana wetu kaoa Dundee, sasa wajukuu wanauliza habari za upande wa mama yao. Malalamiko ni yale yale. Tumerudi nyuma vizazi vitatu, vinne, kisha njia ikakatika. Tumemtafuta, hayumo.

Mara nyingi yumo. Yumo kwa jina lililoandikwa vingine, au katika parokia ya jirani, au katika daftari ambalo hakuna aliyefikiria kulifungua. Na anayejua alipo, mara nyingi kuliko mnavyodhani, ni mke wake au mama yake. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Mengine yote ni njia za kulifikia.

Kuna jambo hapa ambalo Mswahili huling'amua upesi kuliko Mwingereza. Asha binti Salim akiolewa na Juma bin Hamisi, anabaki binti Salim mpaka kaburini. Kule England mke alimezwa na jina la mume, na cheti cha ndoa mpaka mwaka 2021 kilitaja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi tu, mama zao hawakuwa na nafasi. Uskoti haikuwa hivyo. Mwanamke wa Kiskoti huenda aliitwa kwa jina la mume mtaani, lakini karani alipokaa kuandika jambo la kisheria, alimrudishia jina la kwao. Jiwe la kaburi linasema John Ross na mkewe Janet Fraser. Wosia ni wa Janet Fraser, mjane wa John Ross. Katika faharasa ya vifo mwanamke huyo anapatikana chini ya Fraser na chini ya Ross pia. Ukiwa na John Ross peke yake huna kitu. Huko kaskazini ukiita jina hilo barabarani watageuka kumi. Ukiwa na John Ross pamoja na Janet Fraser, na jina la kijiji juu yake, umeshika watu wawili ambao si rahisi kuchanganywa na wengine.

Sasa tuingie kwenye karatasi zenyewe.

Uandikishaji wa serikali ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855, miaka 17 na nusu baada ya England. Kuchelewa huko kulikuwa na faida, kwa sababu waliotunga fomu walitaka kujua kila kitu. Cheti cha kuzaliwa cha 1855 kina saa aliyozaliwa mtoto, umri wa baba na wa mama, mahali walikozaliwa, lini na wapi walioana, na idadi ya watoto waliotangulia, walio hai na waliokufa. Cheti cha kifo cha mwaka huo kinaeleza marehemu alizaliwa wapi, ameishi wilaya hiyo muda gani, wazazi wake wote wawili, aliyemuoa au aliyeolewa naye, watoto wake kwa majina na umri, na alipozikwa. Makarani walilemewa. Mwaka uliofuata fomu ikapunguzwa, na mwaka 1861 baadhi ya mambo yakarudishwa: tarehe na mahali pa ndoa ya wazazi kwenye cheti cha kuzaliwa, na jina la mume au mke kwenye cheti cha kifo. Jina la mama pamoja na ubini wake halikuondolewa hata mara moja.

Kwa hiyo mtu akikwambia babu yake kazaliwa 1849, kabla ya yote hayo, muulize: hakuwa na mdogo wake aliyezaliwa 1855? Cheti cha mdogo mtu kitakupa ndoa ya wazazi na asili yao, na wazazi ni wale wale.

Watu wengi pia hudhani vyeti vya baada ya 1855 vinahusu watu wa baada ya 1855. Hesabuni. Bibi aliyefariki 1858 akiwa na miaka 82 alizaliwa kama 1776. Cheti chake cha kifo kinataja mama yake kwa jina na ubini, na mama huyo angeweza kuwa amezaliwa kabla ya vita vya Culloden vya 1746. Karatasi moja ya serikali imekuvusha miaka mia na zaidi, na bado hujafungua hata daftari moja la kanisa. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla ya kurudi nyuma zaidi, panuka pembeni. Orodhesha kaka na dada wote wa mtu uliyefikia, kisha tafuta cheti cha kifo cha kila mmoja aliyeishi kuvuka 1855.

Kwa nini wote, na si mmoja? Kwa sababu marehemu hajazi fomu yake mwenyewe. Anayetoa habari ni mkwe, au jirani, au mwenye nyumba, naye husema anachokumbuka siku ya msiba. Kosa la kawaida kabisa ni mama wa kambo kuandikwa kama mama mzazi, kwa kuwa ndiye ambaye mtoa habari alimjua. Jingine ni mkwe kumtaja mama wa mkewe mahali pa mama wa marehemu. Soma safu ya mwisho ya cheti, inayoonyesha nani alitoa taarifa na ana uhusiano gani. Binti aliyekuwa akiishi na marehemu ana uzito. Mwenye nyumba hana. Halafu linganisha na cheti cha ndoa, kwa sababu siku ya ndoa maharusi wenyewe ndio wanaosema, na hapo kila mmoja anataja baba na mama yake. Vyeti vitatu vya ndugu vikikubaliana, tembea kwa kujiamini.

Sensa nitaipitia kwa haraka. Zinazosomeka ni za kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921. Ile ya 1841 imewapotosha wengi: waliozidi miaka 15, umri uliteremshwa hadi tano ya karibu, hivyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa ni ndiyo au hapana tu, yaani kazaliwa katika kaunti ile au la. Kuanzia 1851 wanataja parokia na kaunti. Hiyo parokia ndiyo unayoitaka. Mfuatilie mtu katika kila sensa aliyokuwa hai, kwa sababu mzee yule yule anaweza kutaja parokia mbili tofauti katika sensa mbili: mara moja kwa jina la kijiji alichozaliwa, mara nyingine kwa jina la mji wa karibu unaojulikana na karani.

Ukishapata parokia, unaingia kwenye madaftari ya zamani ya Kanisa la Uskoti. La kale kuliko yote ni la Errol, Perthshire, la mwaka 1553, na yote yanakoma mwisho wa 1854. Parokia zilikuwa takriban 900, kila moja na namba yake, zikianzia visiwa vya Shetland kaskazini na kushuka mpaka kusini-magharibi. Nakili namba hiyo kila mara. Majina ya parokia yanajirudia, namba hairudii.

Msitegemee madaftari haya yafanane na vyeti. Karani alikuwa mara nyingi mwalimu wa shule wa pale kijijini, na aliandika apendavyo. Mmoja anaweka jina la mama na ubini wake, mwingine anaweka baba peke yake kana kwamba mtoto kashuka mbinguni. Katika nyanda za juu na visiwa vya magharibi ziko parokia ambazo daftari linaanza baada ya 1800. Maziko ndiyo machache kuliko yote, na pengine kilichobaki ni malipo ya kukodi kitambaa cha kufunikia jeneza. Hiyo risiti ndiyo cheti chako cha kifo. Kwa upande wa ndoa, linaloandikwa mara nyingi ni tangazo la ndoa kanisani, si ndoa yenyewe. Kama bwana ni wa parokia moja na bibi wa nyingine, tangazo lilitolewa kote kuwili. Tafuta yote mawili, maana huenda daftari la upande wa bibi harusi ndilo linalotaja baba yake.

Halafu kuna mapengo yenye sababu zake. Mwaka 1783 serikali ilitoza peni 3 kwa kila jina lililoingizwa, ubatizo, ndoa au maziko, na kodi hiyo ilidumu mpaka 1794. Watu wakaacha kuandikisha. Ukiona watoto wa familia wanaandikwa vizuri hadi 1782 kisha kimya, usiseme wamehama. Pengo jingine ni la madhehebu. Kuanzia 1733 makundi yalijitenga na Kanisa la Uskoti, moja baada ya jingine, na Mei 1843 wachungaji zaidi ya 450 walitoka wakaunda Kanisa Huru. Waumini wao walibatiza huko walikokwenda. Wakatoliki na Waepiskopo nao walikuwa na vitabu vyao. Mtu asipoonekana katika daftari la parokia, uliza kwanza: familia hii ilisali wapi? Cheti cha ndoa cha baada ya 1855 kinataja dhehebu lililofungisha ndoa, na hilo hukupa mahali pa kuanzia.

Sasa nifike penye utamu.

Waumini wa PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, kutoka Kenya mnajua baraza la wazee wa kanisa ni nini. Mlilirithi kutoka kwa Waskoti hao hao waliofika Kibwezi 1891 kisha wakahamia Kikuyu. Katika Uskoti ya karne ya 17 na 18 baraza hilo lilikuwa mahakama ndogo ya kijiji. Lilimwita binti aliyebeba mimba bila ndoa, likamuuliza mwenye mimba ni nani. Lilimwita kijana aliyetajwa. Akikana, lilimtaka aape. Akihamia parokia nyingine, wazee waliandikiana barua mpaka apatikane. Kwa binti yule ilikuwa fedheha, wala sioni sababu ya kuipamba. Lakini kumbukumbu zimeandikwa kwa majina, tarehe na vijiji. Mtoto ambaye ubatizo wake hautaji baba, baba yake mara nyingi yuko katika kitabu cha wazee. Picha za kurasa hizo zinatazamwa bure katika tovuti ya ScotlandsPeople, ya Hifadhi ya Nyaraka ya Uskoti. Tabu yake ni kwamba sehemu kubwa haina faharasa ya majina. Lazima ufungue ukurasa kwa ukurasa. Punguza kazi hivi: chukua tarehe ya ubatizo, rudi nyuma miezi mitano au sita, kisha soma mbele mpaka mwaka mmoja na nusu baada yake. Kesi nyingi zinaangukia humo.

Humo humo mna ndoa zisizo za kanisani. Sheria ya Uskoti ilikubali ndoa ya watu wawili kukiri mbele ya mashahidi kwamba wao ni mke na mume, bila mchungaji, na hali hiyo iliendelea mpaka Julai 1940. Wazee wa kanisa hawakupenda. Waliwaita, wakawatoza faini, kisha wakaitambua ndoa, na faini ikaandikwa. Ikiwa hakuna tangazo la ndoa popote, tafuta faini.

Kwa watoto wa nje ya ndoa baada ya 1855, angalia pembeni mwa cheti. Pakiwa na maelezo ya pambizoni, yanakuelekeza kwenye rejista ya marekebisho, ambako hukumu ya mahakama kuhusu baba wa mtoto imeandikwa. Na angalia jina la katikati la mtoto. Mama aliyenyimwa kumtaja baba kwenye safu yake mara nyingine alimpa mtoto jina zima la baba huyo, jina la kwanza na la ukoo, mahali ambapo karani hawezi kulikataa.

Majina sasa. Katika Kigaeli, lugha ya asili ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi, mac ni mwana wa, nic ni binti wa. Mzee wa visiwani aliulizwa jina akajibu Dòmhnall mac Iain 'ic Sheumais, Donald mwana wa Iain mwana wa Seumas, kama vile Juma bin Hamisi bin Salim. Karani asiyejua Kigaeli akaandika Donald MacDonald na kuendelea na kazi. Shetland ubini wa aina hiyo ulidumu mpaka karne ya 19: mtoto wa kiume wa John ni Johnson, wa kike ni Johnsdaughter, na kizazi kinachofuata jina linabadilika tena. Anayetafuta jina moja la ukoo hapo anatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Majina ya kwanza nayo hupishana. Donald na Daniel ni mtu mmoja. Jean, Jane, Janet na Jessie huweza kuwa mtu mmoja. Peter na Patrick vilevile, na Isabella na Elizabeth. Mac huandikwa Mc, M', au huachwa kabisa. Unapotafuta, tumia alama ya nyota mahali pa herufi usizoziamini. Chukueni mfano wa mtu ambaye Ujiji na Bagamoyo wanamjua: David Livingstone. Baba yake, Neil, aliyezaliwa kisiwa cha Ulva, aliandika Livingston bila herufi e mwishoni, na David mwenyewe alisaini hivyo mpaka miaka ya 1850. Ukimtafuta kijana yule kwa jina lililo kwenye sanamu, utamkosa.

Na wapo waliopigwa marufuku jina. Ukoo wa MacGregor ulikatazwa kutumia jina lake mwaka 1603. Katazo likaondolewa 1661, likarudishwa 1693, na kufutwa kabisa 1774. Katikati ya hapo wakajiita Campbell, Drummond, Grant, chochote kilichowaficha. Nasaba ya Campbell inayoishia ghafla huko Perthshire, isome ukilikumbuka hilo.

Baada ya haya yote utabaki na tatizo la mwisho: wanaolingana. Umepata John Ross watatu, wote wamebatizwa kati ya 1788 na 1793 ndani ya parokia mbili. Wachuje mmoja mmoja. Tafuta kama yupo aliyekufa mtoto. Wazazi waliofiwa mara nyingi walimpa mtoto aliyefuata jina lile lile, hivyo John wa pili katika nyumba moja ni dalili kwamba wa kwanza alifariki. Tafuta aliyeoa mtu mwingine na kuonekana na mke huyo katika sensa ya 1851. Atakayebaki, mpime kwa majina ya watoto. Desturi ilikuwa mtoto wa kiume wa kwanza kuitwa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa tatu baba mwenyewe. Binti wa kwanza bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba, wa tatu mama. Kwetu pia wajukuu hubeba majina ya wazee, kwa hiyo hamtashangaa. Lakini hiyo ni desturi, si sheria. Inakuonyesha pa kutazama, haithibitishi kitu. Katika fomu ya kutafuta ubatizo kwenye ScotlandsPeople, acha jina la mtoto wazi, andika jina la ukoo pamoja na majina ya baba na mama. Watoto wote wa nyumba hiyo watajipanga mbele yako, na majina ya wazee yataanza kujirudia. Soma na mashahidi wa ubatizo. Wengi ni wajomba na ami.

Na mti wa ukoo ulioukuta tayari mtandaoni, unaofika moja kwa moja kwa mfalme fulani? Usiache mbachao kwa msala upitao. Tazama kama kila kiungo kina karatasi yake. Kisipokuwa nayo, rudi kwenye mkeka wako.

Maneno ya kuwa nayo kichwani mkisoma hati za kale: umquhile ni marehemu, relict ni mjane, oy ni mjukuu. Natural son si mwana halisi bali ni mwana wa nje ya ndoa, na hapa wengi wamejisifu bila kujua. Quh ni wh ya leo. Herufi inayosomeka z katika Menzies na Dalziel haikuwa z, ilikuwa herufi ya kale yenye sauti ya y, ndiyo maana waliosikia jina Menzies bila kuliona waliliandika Mingis.

Kuhusu wosia: mpaka 1868 ardhi haikurithishwa kwa wosia Uskoti. Wosia unazungumzia fedha, ng'ombe na vyombo. Mwana wa kwanza aliyechukua shamba huenda hatajwi humo kabisa, na watu humwondoa kwenye ukoo kwa sababu hiyo. Mtafute katika rejista ya hati za ardhi iliyoanza 1617, au katika kumbukumbu za warithi waliothibitishwa.

Nimalizie na wale waliokuja huku kwetu. Mskoti aliyefia Zanzibar au Nairobi akiwa na mali Uskoti, mirathi yake ilipitia mahakama ya Edinburgh, hata kama kwao ni Inverness. Vizazi na vifo vya Waskoti nje ya nchi vina rejista zake ndogo: za baharini tangu 1855, za nchi za kigeni tangu 1860, za jeshi tangu 1881. Za nchi za kigeni hazijakamilika, kwa kuwa taarifa ililetwa na ndugu aliyetaka. Basi rudi kule kule: tafuta dada yake aliyebaki nyumbani, cheti chake cha kifo, na jina la mama yao.

Bei msiogope. Kutafuta katika faharasa za ScotlandsPeople ni bure ukishajiandikisha. Unalipia picha ya hati, na nyingi ni kama paundi 1.50 kwa moja. Mtandaoni picha za vyeti vya kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Za karibu zaidi zinasomwa Edinburgh, katika jengo la General Register House, au unaagiza nakala kwa posta. Kabla ya kulipa, andika kwenye karatasi swali moja unalotaka picha hiyo ijibu. Ukishindwa kuliandika, usilipe bado.

Nimeleta nakala tupu ya fomu ya 1855, iko pale mezani. Ishikeni, mhesabu safu zake, kisha tuanze maswali.